Kichupa Kilichoandikwa Daudi

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi, walimu wao na wazazi, Kisumu

Walimu wangu, wazazi mliofunga biashara mapema ili mfike hapa, nanyi wanafunzi mliotoka Maseno, Bondo na hapa mjini: hamjambo, na asanteni kwa kunipokea nyumbani.

Nimeombwa nieleze njia niliyopita tangu shahada ya uzamifu katika utafiti wa kingamwili za saratani hadi kazi ya bioteknolojia ninayofanya sasa. Barua ya mwaliko ilitaja neno "fursa" mara nne. Nitafika huko. Ila nianzie kwa mtoto niliyekaa naye dawati moja darasa la pili, shule ya msingi upande wa Ahero, kwani bila yeye sina safari ya kusimulia.

Alianza kwa kulalamikia jino. Siku chache baadaye shavu likavimba, tukamtania kwamba ameficha andazi mdomoni. Mama yake alimpeleka kwenye kituo cha afya, wakamng'oa meno mawili yaliyokuwa yamelegea. Uvimbe ukazidi. Kila Jumatatu alipokuja shuleni uso wake ulikuwa umebadilika tena, mpaka jicho la kushoto likaanza kusukumwa nje. Akaacha kuja. Watu wazima wakaanza kunong'ona juu ya mzozo wa shamba na mkono wa mtu. Tulipofungua muhula uliofuata, mwalimu aliita jina lake kwenye rejista, akanyamaza kidogo, kisha akapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa dawati la mbele. Niliuona ule mstari.

Jina la ugonjwa nililijua nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Nilifungua kitabu cha patholojia maktabani nikakutana na picha ya mtoto wa Uganda, na uso ulikuwa ule ule. Limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga ya mwili. Nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikakaa chini ya mti mpaka jioni.

Hapa naomba nikawie kidogo, kwa maana hii ni historia yetu na wengi wetu tunamaliza digrii bila kuisikia. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika pembe zote nne za taya. Muda si mrefu akamwona mwingine, Jinja, ana uvimbe kama huo. Angeweza kusema ni sadfa akaendelea na kazi zake. Akaanza kupekua rekodi, akachapisha aliyoyaona mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na marafiki zake wawili wakaingia kwenye gari kuukuu, wakasafiri takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Walisimama hospitali baada ya hospitali wakionyesha picha na kuuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Ramani iliyotokana na maswali hayo ilikuwa wazi. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, na karibu na ikweta haukupanda zaidi ya mita 1,500 hivi. Sisi hapa Kisumu tuko mita 1,100 na kidogo. Ukiweka ramani ile kando ya ramani ya malaria, utadhani zimechorwa na mkono mmoja.

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, aliyetoka pale akiamini kwamba kuna kirusi nyuma ya jambo hili. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Desemba 1963 ndege moja ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester, na kichupa kilipofika maabara majimaji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Mwenye haraka angeyamwaga. Epstein aliyaweka chini ya darubini akakuta seli hai zinaelea zenyewe. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi ambacho leo kina majina ya wawili wao, Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Karibu kila mtu mzima katika ukumbi huu anacho. Kinalala ndani ya seli B, zile zinazotutengenezea kingamwili, wala hakitusumbui. Watoto wa ukanda wa ziwa hukipata wakiwa wadogo mno, halafu malaria inayorudi rudi inazisukuma seli hizo zigawanyike bila kupumzika, hadi siku moja seli moja inakosea: kromosomu 8 na kromosomu 14 zinabadilishana vipande, na jeni iitwayo MYC, ile inayoiamuru seli igawanyike, inabaki wazi kama mfereji usiofungika. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo sababu uso wa rafiki yangu ulikuwa mwingine kila Jumatatu.

Baadaye nilipata ufadhili wa kusomea uzamifu Uingereza, katika maabara iliyochunguza kingamwili zinazoshika seli B za saratani. Wiki ya kwanza mwenzangu alinifundisha kutoa seli kwenye tangi la naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Alinipa karatasi inayoonyesha kila kichupa kilipo. Nikavaa glavu nene, nikavuta rafu juu, mvuke mweupe ukamwagika hadi sakafuni, na kwenye kichupa cha kwanza nikasoma, kwa wino mweusi: DAUDI.

Nilidhani ni jina la mwanafunzi aliyenitangulia. Nikauliza huyu Daudi ni nani, yuko wapi. Mwenzangu akaniambia ni jina la ukoo wa seli tu, sote hapa tunazitumia.

Jioni ile nilisoma hadi usiku. Ukoo wa seli za Daudi ulianzishwa mwaka 1967 kutokana na uvimbe wa Burkitt wa kijana Mwafrika wa miaka 16. Kwenye sanduku lile lile alikuwemo Raji, seli za mtoto wa miaka 11 wa Nigeria, za mwaka 1963. Tangu siku hizo seli zao zimekuwa zikigawanyika katika maabara za kila bara, na mpaka leo ni miongoni mwa zile ambazo kingamwili za aina hii hujaribiwa juu yake kabla hazijamkaribia mgonjwa yeyote. Nilipiga hesabu. Kama angepona akaishi, Daudi angekuwa na umri wa wazee walioketi safu hii ya mbele.

Toka siku ile sikuweza kuziita sampuli. Nilipozilisha Ijumaa jioni wenzangu wakishaondoka, nilizisemesha kwa Kiswahili. Nawaambia hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila uamuzi nilioufanya baadaye ulitoka kwenye kichupa kile.

Wazazi, nieleze kingamwili ni nini. Ni protini ambayo mwili hujitengenezea, yenye umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu inamshika adui. Mguu wa chini unawaita askari wa mwili waje wammalize. Kila kingamwili inamjua adui mmoja tu. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika, wakapata seli inayotoa kingamwili ya aina moja siku zote. Mbinu ile haikuwekewa hataza, ikasambaa dunia nzima, na mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel. Shida ilibaki kwamba mwili wa mtu huitambua kingamwili ya panya kuwa mgeni. Ilibidi watu kama Greg Winter, Cambridge hiyo hiyo, wajifunze kushona sehemu ndogo inayoshika, ya panya, kwenye mwili wa kingamwili ya binadamu. Kazi yake ya mwanzo ilitoka mwaka 1986. Mwaka 1997 Marekani ikaidhinisha rituksimabu, kingamwili ya kwanza kuidhinishwa huko kutibu saratani. Hiyo inashika CD20, alama iliyo juu ya seli B. Seli za Burkitt zinayo kwa wingi.

Tasnifu yangu ilihusu swali jembamba sana: kwa nini seli nyingine, zikishikwa na kingamwili ya namna hii, huimeza? Kingamwili inatakiwa ibaki juu ya ngozi ya seli ili askari waione. Ikishamezwa hakuna wa kuitwa. Nilikaa na swali hilo miaka minne. Kuna miezi mitano niliyopoteza nikifuata rangi iliyokuwa ikifubaa yenyewe, nami nikidhani ni kingamwili inayozama. Nililipenda swali lile na nalipenda hadi leo. Ni lazima niliseme, kwa kuwa watu hudhani aliyetoka kwenye utafiti wa chuo kikuu ama alichoka ama alishindwa. Mimi niliondoka nikiwa nalipenda.

Kilichoniondoa ni simu moja. Juni 2020, maabara zimefungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa chumbani nikisoma matokeo ya jaribio la kimataifa la watoto wenye limfoma kali za seli B, wengi wao Burkitt. Watoto 328. Nusu walipewa tibakemikali peke yake, nusu tibakemikali pamoja na rituksimabu. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tatizo jingine kubwa walikuwa asilimia 82.3 katika kundi la kwanza na asilimia 93.9 katika kundi la pili. Nilisimama nikaanza kutembea chumba kizima. Tafiti nyingi huzungumzia nyongeza ya wiki kadhaa za uhai. Hii ilizungumzia watoto wanaorudi shule.

Nikampigia simu muuguzi niliyesoma naye sekondari, aliyekuwa wodi ya watoto katika hospitali moja ya magharibi mwa Kenya. Nilimsomea namba zile. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo dawa ipo kwenye orodha. Kwenye friji haipo."

Orodha aliyoisema ni ile ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Rituksimabu iliingizwa humo mwaka 2015. Akanitajia bei ambayo mzazi mmoja alikuwa ameulizwa wiki ile kwa dozi moja, na ilikuwa zaidi ya mshahara wake yeye muuguzi wa mwezi mzima. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaeleza tu hali ya kazi. Baada ya kukata simu nilikaa muda mrefu nikifikiria kwamba Daudi ametoa seli zake tangu 1967, dunia imezitumia kupima dawa, na mtoto wa Nyando aliye na ugonjwa ule ule wa Daudi anaambiwa dawa iko kwenye orodha.

Nilikuwa nimeahidiwa nafasi ya kuendelea na utafiti pale pale. Niliikataa, nikaomba kazi katika kampuni inayotengeneza kingamwili, kitengo cha uzalishaji. Msimamizi wangu alisikitika, ingawa aliniandikia barua nzuri. Baba yangu, mwalimu mstaafu, aliniuliza kwenye simu kama bado nitaitwa daktari. Nikamwambia, "Nitaitwa, Baba." Akasema, "Basi nenda ujue zinavyopikwa."

Hilo neno la kupika lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kidonge cha kawaida hutengenezwa kwa kemia: ukifuata hatua zile zile, molekuli ni ile ile, iwe Thika au Mumbai. Kingamwili hutengenezwa na kiumbe hai. Seli zinazotumika sana zilitokana na ovari ya mnyama mdogo wa China afananaye na panya, zikakuzwa maabara tangu mwaka 1957. Unaziingizia jeni ya kingamwili unayoitaka, unazikuza kwenye matangi ya chuma, unazilisha sukari na asidi amino, unazipa hewa, unaangalia joto na uchachu usiku na mchana kwa wiki mbili hivi. Akina mama mnaogandisha maziwa mnalielewa jambo hili. Ng'ombe ni yule yule, kibuyu ni kile kile, lakini wiki ya baridi maziwa yanatoka na ladha nyingine. Seli nazo ndivyo zilivyo. Joto likishuka kidogo, chakula kikichelewa, zinabadilisha mnyororo mdogo wa sukari ulioshikizwa kwenye mguu wa ile Y. Sukari hiyo ikibadilika, askari wa mwili wanaitika zaidi au wanaitika kidogo. Kingamwili inaonekana ile ile kwenye vipimo vingi, ila nguvu yake ya kuua imebadilika.

Miaka yote minne ya uzamifu nilikuwa nikitoa kingamwili kwenye friji, imeandikwa jina na kipimo, nikidhani sayansi inaanzia hapo. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeifikisha kwenye friji. Nilipoingia kiwandani nikakuta watu wasio na shahada yangu wanaoweza kusikia pampu ikibadili mlio na kujua seli zitakufa kesho. Nilijifunza kuchuja kingamwili kwa protini A, kuondoa virusi vinavyoweza kujificha, kuzuia kingamwili zisigandamane mabonge mabonge ndani ya chupa. Nilijifunza kuandika. Kila nilichokigusa niliandika saa, namba ya chupa na saini, na mtu wa pili akatia saini yake kando ya yangu. Kuna bechi moja niliyoiona ikimwagwa yote, kazi ya miezi, kwa sababu saini moja haikuwepo na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba valvu ilikuwa imefungwa. Mwanzoni niliona ni ukatili. Kisha nikamfikiria mama anayeshikilia mkono wa mtoto wakati dawa inaingia mshipani tone kwa tone. Yeye hawezi kuipima. Ile saini ndiyo kipimo pekee alicho nacho.

Kwa hiyo nasema, na najua baadhi ya walimu wangu hapa hatutakubaliana: tumewafundisha wanafunzi wetu kwamba kugundua ni kazi ya akili na kutengeneza ni kazi ya mikono. Naona tumekosea, na kosa hilo linatugharimu watoto. Tangu mwaka 2007 India ilianza kuuza rituksimabu yake, inayofanana na ile ya kwanza, na kampuni za nchi nyingine zikafuata. Bei ikaanza kuteremka. Waliofanya hivyo hawakugundua CD20. Walijua kupika. Walikuwa na maelfu ya vijana wanaojua kulisha seli, kuchuja protini, kutengeneza mashine iliyoharibika usiku wa manane, na kujaza fomu ambazo mkaguzi wa dawa akizisoma atatosheka. Hao ndio tunaowahitaji hapa. Na ndizo fursa mlizoniomba nizitaje.

Sitawadanganya kwamba kingamwili peke yake itamaliza Burkitt. Burkitt mwenyewe aliona watoto wakipona kwa dawa za zamani na za bei nafuu kama siklofosfamidi, walipowahi. Tatizo kubwa la hapa bado ni kuchelewa. Mtoto anatoka Mfangano kwa boti, anapita zahanati tatu, anang'olewa meno, anafika uvimbe umeshajaza tumbo. Wengine wanaanza matibabu na kuyaacha kwa kukosa nauli. Na rituksimabu inafyeka hata seli B zilizo nzuri, kwa hiyo mtoto anakaa miezi mingi akiwa na kinga ndogo, na homa ya ini aina ya B iliyokuwa imelala inaweza kuamka. Wengi wa watoto wale 328 walivuka kwa sababu pia kulikuwa na vipimo vya damu kila siku, vitanda safi, na antibiotiki zilizofika saa ileile homa ilipopanda. Mkisikia mtu anasema dawa moja italeta miujiza, muulizeni habari za wodi.

Niliporudi nyumbani miaka mitatu iliyopita watu walitarajia nianzishe kiwanda cha dawa. Kiwanda kama hicho ni mamilioni ya dola na mkusanyiko wa watu ambao bado hatujawapata. Nikajiuliza ni kingamwili ipi tunaweza kuitengeneza hapa sasa, kwa gramu na si kwa kilo, na ikamfaa mtoto yule yule. Jibu nililipata kwenye patholojia. Ili daktari athibitishe kwamba uvimbe ni Burkitt, kipande chake hukatwa chembamba, hupakwa kwenye kioo, kisha hutiwa kingamwili zenye rangi. Ya CD20 huonyesha kwamba ni seli B. Nyingine, ya Ki-67, huonyesha seli zinazogawanyika, na kwenye Burkitt karibu seli zote hushika rangi. Kingamwili hizo zinatoka ng'ambo, zinahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8 njia nzima, na zikichelewa vioo vinasubiri. Sasa pigeni hesabu wenyewe: uvimbe unaoongezeka maradufu kila siku mbili, na jibu linalochukua wiki tatu.

Basi tuna vyumba vitatu hapa Kisumu, na tuko watu sita. Tunakuza seli zinazotoa kingamwili za kupakia vioo, njia ile ile ya 1975. Pesa zilitoka kwenye akiba yangu, kwa dada yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye ruzuku mbili ndogo. Mwaka wa kwanza stima ilipotea usiku wa Jumamosi, jenereta haikuwaka, na asubuhi tukakuta seli za miezi minne zimekufa zote. Nililia mbele ya wafanyakazi wangu. Tulichokuwa hatujafanya ni kugawa seli na kuziweka mahali pawili. Siku hizi kila ukoo wa seli uko kwenye matangi mawili, katika majengo mawili, na funguo ziko kwa watu wawili. Ukianza kazi hii, lianze hilo kabla ya kununua darubini.

Kingamwili zetu bado hazijaruhusiwa kutumika kwa wagonjwa. Ziko kwenye majaribio ya kulinganishwa na zile za kununua, kioo kwa kioo. Ya CD20 inakwenda vizuri. Ya Ki-67 bado inatia rangi mahali isipotakiwa, na mpaka ikome haitatoka mlangoni kwetu.

Mwanafunzi mmoja wa hapa Kisumu aliniandikia kabla ya leo, akauliza: ni lazima niende ng'ambo? Nitamjibu kama dada. Ukipata nafasi, nenda, kwa kuwa kuna mashine na watu ambao hatuna bado. Lakini usidhani huku hakuna sayansi mpaka uirudishe wewe. Kisian hapo, katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, malaria na kirusi cha Epstein-Barr vimechunguzwa kwa miaka mingi kwa damu ya watoto wa kwetu, na katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, hiyo ambayo wazee bado wanaiita Russia, watoto wenye Burkitt wamehudumiwa na kuandikwa na watu wanaoishi Milimani na Nyalenda. Anza kwa kwenda kuuliza kama wanahitaji mtu wa kuosha vioo. Jifunze takwimu hata kama hukuzipenda. Jifunze kufungua mashine na kuifunga. Na ukiwa mtafiti wa damu ya watu, jifunze kumweleza mama, kwa lugha anayoota nayo, unachukua nini na kitakwenda wapi. Sijawahi kukuta mahali palipoandikwa kama mama yake Daudi aliambiwa.

Namalizia na jambo la Machi mwaka huu. Ili kupima kingamwili yetu ya CD20 tulihitaji seli zenye CD20 nyingi, zinazojulikana dunia nzima, ili yeyote atakayesoma matokeo yetu ayaamini. Nilijua ni zipi. Niliziagiza kutoka benki ya seli ya ng'ambo, nikalipa, nikajaza fomu za kibali, nikasubiri wiki tisa. Sanduku lilifika uwanja wa ndege wa Kisumu alasiri, limejaa barafu kavu. Nililibeba mwenyewe mapajani ndani ya gari, dirisha wazi kwa ajili ya gesi ya barafu ile, ziwa likiwa upande wa kulia.

Msichana wa maabara yetu, mhitimu wa Maseno, ndiye aliyeziyeyusha. Maji ya nyuzi 37, dakika moja na nusu, kisha kwenye chakula chao, kisha kwenye kabati la joto. Sikumwambia habari zote mapema. Aliposoma kichupa alinitazama, akauliza swali lile lile nililouliza mimi: "Huyu Daudi ni nani?" Nikamkalisha chini nikamweleza, yeye na wenzake wanne, mpaka giza likaingia.

Jumatatu asubuhi alinitangulia kufika. Nilimkuta ameinamia darubini. Akasogea pembeni ili nitazame. Zilikuwa hai, za mviringo, zinang'aa, zimejikusanya vikundi vikundi, na tulipozihesabu zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile tulizoziweka Ijumaa. Kwenye chupa alikuwa ameandika tarehe, saa, saini yake, na chini yake, kwa herufi kubwa: DAUDI, KISUMU.

Chupa hiyo iko pale. Anayetaka kuiona, aje Alhamisi, ndiyo siku tunayozilisha. Asanteni.